Gari Tulilolisomea Fatiha

Zipu ilikuwa ikifunguliwa kidogo kidogo, na mtu asiyetaka kusikika. Nilikuwa macho. Unga wa mahamri nilikuwa nimeukanda tangu jana yake, nangojea adhana ya alfajiri niinuke nikaanze kusukuma, na taa sikuwa nimeiwasha ili mwanangu Tumu asigutuke. Nikalala vivyo hivyo gizani, nikaisikiliza zipu ya begi la mume wangu mpaka ikafika mwisho.

"Swabir," nikamwita.

"Lala, mama Tumu. Bado mapema."

"Begi la nini?"

Alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, na nikajua kabla hajafungua kinywa. Wakala wa Mombasa alikuwa amempigia tena. Kazi ya udereva Uarabuni, miaka miwili, na vipimo vya afya ni Nairobi, kesho asubuhi. Basi lingeondoka Ukunda saa kumi na moja jioni.

"Leo?"

"Leo."

"Tumu ana miaka mitano, Swabir. Ukirudi ana saba."

"Hesabu naijua," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeifanya hesabu hiyo usiku kucha.

Yote haya yalitokana na gari. Mume wangu hununua kaa na kamba kwa wavuvi wa upande wa Funzi, akawapelekea wapishi wa hoteli za Diani. Miaka minne kazi hiyo aliifanya kwa pikipiki, sanduku la barafu limekazwa nyuma kwa mipira ya baiskeli, na kila mvua ikinyesha mimi nilikuwa natoka nje kuangalia barabara. Hatimaye tukanunua gari kwenye yadi moja pale Ukunda. Dogo, jeupe, la mtumba, lakini nyuma yakiingia masanduku manne. Siku ya kumi na tisa likafa karibu na Ramisi. Gia zilikataa kuingia, zikabaki kusaga tu. Mume wangu akakaa kando ya barabara na malori ya miwa yakimpita, kaa wanamfia ndani ya masanduku, barafu inakuwa maji.

Alikwenda yadini mara mbili. Mara zote mbili alirudi akanieleza kwa maneno yale yale, kana kwamba ameyahifadhi: gari la mtumba halina dhamana, ndivyo sheria ilivyo. Dhamana ni ya wale waliolipia kadi ya waranti, na nyinyi kadi mliikataa. Isitoshe, ulitia sahihi kwamba umelichukua kama lilivyo. Hayo angeweza kubishana nayo. Kilichomfunga mdomo ni neno la mwisho aliloambiwa akiwa mlangoni: "Na Fatiha tulisoma, au hatukusoma?"

Tulisoma. Kwetu jambo haliishi kwa sahihi peke yake. Iwe posa, kiwanja au mashua, watu huinua mikono, ikasomwa Fatiha, wakapangusa nyuso, hapo limekwisha: wameridhiana. Siku tuliyolichukua gari, Ami Chirau, mzee anayeuza pale yadini, aliweka kiganja juu ya boneti akatuongoza. Hata mimi niliitikia amin, Tumu nimempakata.

"Niende nikawaambie nini?" Swabir akaniuliza pale gizani. "Kwamba nilisoma Fatiha na watu kisha nikaigeuka? Msambweni nzima itajua kabla ya adhuhuri. Bora niende zangu mbali."

Sasa, mimi nasoma ngumbaru, masomo ya watu wazima. Jumatatu mpaka Alhamisi jioni, kwenye darasa la watoto, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu wetu, Faith Kahaso, alitufundisha haki za mtu anayenunua kitu, nami niliziandika zote. Baada ya darasa nilibaki nyuma nikamweleza habari ya gari. Akatafuta sheria yenyewe kwenye simu yake tukaisoma pamoja, Kiingereza cha sheria kigumu kama nazi kavu, na kila tulipokielewa kipande nikakiandika kwa Kiswahili changu. Usiku ule nilimwonyesha Swabir. Alisoma, akafunga daftari, akasema tu, "Fatiha haimo humu." Nami nikanyamaza, kwa sababu kweli haikuwamo.

Lakini alfajiri ile kulikuwa na begi.

"Nipe leo," nikamwambia. "Kabla ya basi. Niende mimi."

Adhana ikaanza. Aliisikiliza mpaka ikaisha, kisha akasimama kwenda kutawadha.

"Nenda," akasema. "Ila usinivunjie jina, Twaiba."

*

Mahamri niliyauza yote kwa haraka, mengine yameungua upande mmoja, na baada ya adhuhuri nikashuka Ukunda na Tumu. Yadi ile ipo nyuma ya soko. Magari yamepangwa mistari, vioo vinameremeta, na pembeni kijana mmoja anayaosha kwa mashine ya maji yenye kelele. Ami Chirau alikuwa chini ya turubai, kofia yake nyeupe kichwani, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mdogo, shikamoo yangu ameifungia nyumbani?"

"Shikamoo, Babu," Tumu akasema.

"Marahaba, marahaba. Leo Swabir kawatuma nyinyi?"

"Nimejituma mwenyewe."

Alicheka kidogo, akanivutia kiti cha plastiki, akampa Tumu kile kipande cha boksi ajipepee. Sikuweza kumchukia, nakwambia. Nilikuja nimejiandaa kumchukia njia nzima.

"Mwanangu, mimi nakuonea imani kweli," akaanza. "Lakini gari la mtumba halina dhamana. Ndivyo sheria—"

"—ilivyo," nikamalizia. "Dhamana ni ya waliolipia kadi. Na tulitia sahihi. Ami, samahani kukukatiza. Sheria hiyo nani alikufundisha?"

Akanitazama. "Nani tena? Elijah, bosi. Siku yangu ya kwanza hapa. Alisema, mzee, wakirudi waambie hivi, nami nikayashika. Kwani sivyo?"

Nikatoa daftari. Juu yake Tumu alichora mbuzi mwenye miguu sita. Ami Chirau alijaribu kusoma, akalisogeza mbali, akalileta karibu, akanirudishia. "Nisomee wewe. Miwani yangu imebaki nyumbani."

Nikasoma. Kwamba muuzaji anapomuuzia mtu kitu, sheria yenyewe inamfanya mdhamini kwamba kitu hicho ni cha ubora unaostahili, apende asipende. Kwamba neno lolote kwenye mkataba linalomnyima mnunuzi haki hiyo ni batili, hata kama mnunuzi ametia sahihi.

"Rudia hapo pa sahihi."

Nikarudia.

"Na kadi ya waranti?"

"Kadi ni kitu cha kuongezea juu. Asiyeinunua hajapoteza alichokuwa nacho."

Ami Chirau alivua kofia akaiweka gotini. Alianza kusema peke yake, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka asikumbuke wapi. "Kuna Shutu, wa Lunga Lunga. Lake lilikuwa linamaliza maji. Nilimwambia hivyo hivyo. Kuna yule mwalimu, Mapenzi. Alilia hapo hapo ulipokaa, nikamwambia, binti yangu, ningeweza ningekusaidia, lakini sheria." Alipapasa kofia gotini. "Niliwaambia kwa upole, unajua. Nilijiona mtu mwema kwa kuwaambia kwa upole."

Mashine ya maji ikazima, ikawaka tena.

"Haya, na Fatiha?" akauliza ghafla. "Hiyo haimo katika daftari lako."

"Haimo, Ami. Na mimi si mwanachuoni. Ila nataka kukuuliza kitu kimoja, na jibu likiwa hapana, naondoka na mtoto wangu. Siku ile ulipoinua mikono juu ya boneti, kuna jambo ulilijua wewe ambalo sisi hatukulijua?"

Aliangalia upande wa magari. Alikaa hivyo mpaka Tumu akaacha kujipepea.

"Fundi Randu aliitia giaboksi oili nzito asubuhi ile," akasema. "Ili isipige kelele. Alisema mbele yangu, hili litakwenda mwezi, likizidi ni bahati. Nikajiambia, mimi sijaulizwa."

Nikafunga daftari. "Basi, Ami, sisi tuliridhia gari tuliloambiwa. Hilo la oili nzito hatukuliridhia. Hatukuambiwa, tungeliridhia vipi? Mume wangu hakuigeuka Fatiha. Gari alilolisomea hajawahi kupewa."

Mzee akafunika macho kwa kiganja.

Hapo ndipo Elijah alipotoka ofisini, simu mbili mkononi. Kijana wa bara, nadhifu, shati limembana.

"Mama Tumu! Si tulimaliza na mzee wako? Hii ni yadi, siste, si duka ya vikombe, eti kikombe kimepasuka unarudisha."

"Hata kikombe, kama uliniuzia kimepasuka ukakiziba kwa ugali, nakirudisha."

Kijana wa kuosha magari akacheka. Elijah akamtazama, akaacha.

"Hiyo daftari ni ya nani? Ya mtoto?"

"Yangu. Nasoma ngumbaru."

"Ngumbaru!" Akapiga makofi. "Wah! Sasa manyanya watatupeleka kortini!"

"Ningekuwa nyanya yako ningekuchapa kwanza, halafu korti."

Safari hii hata yeye alicheka, lakini kicheko hakikukaa. Alianza kunihesabia vidoleni. Kadi ya waranti hamkuinunua. Nikamwambia, kadi ni yenu, iuzeni mkitaka, lakini nilichopewa na sheria sikinunui kwako. Mlisaini. Nikamsomea pale pa sahihi. Sawa, basi, akasema, nenda utafute wakili.

"Mahakama ya madai madogo haina lazima ya wakili," nikasema. "Nitasimama mwenyewe na daftari langu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kujiamini. Tumu alikuwa amenishika pindo la buibui. Elijah aliinama kidogo, akasema polepole, karibu kwa kunihurumia:

"Na shahidi wako nani, siste? Huyu mtoto?"

"Mimi," akasema Ami Chirau.

Elijah akageuka. "Mzee, wacha mchezo."

"Sichezi, mwanangu." Alikuwa amevaa tena kofia yake, na amesimama. "Uliniajiri kwa ajili ya mikono hii. Wajua wewe, watu wa huku hawalipi mpaka wasomewe Fatiha na mtu wanayemfahamu. Nimeiinua mikono juu ya oili nzito, na nikadanganya watu kwa sheria usiyoijua hata wewe. Nikiitwa nitasema alichosema Randu. Na gari lingine hapa silisomei mpaka hili litengenezwe."

"Nitatafuta mzee mwingine."

"Tafuta. Nitamwamkia kila asubuhi pale langoni, nimweleze habari hii."

Elijah alitazama magari yake, mstari mmoja, kisha wa pili. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alikaa juu ya gurudumu lililolala hapo, na ghafla nikaona kwamba umri wake hauzidi wa ndugu yangu mdogo.

"Mnajua hiyo gari mimi niliipata wapi? Mnada, Mombasa. Nikaambiwa iko fiti kabisa. Kuifikisha hapa inalia kama mbuzi. Nikarudi. Wakaniambia, bosi, ulisaini, kama ilivyo." Akatikisa kichwa. "Sasa mimi ningefanya nini? Nikaambia watu kile niliambiwa."

"Basi huenda na wewe una haki yako," nikasema. "Nikunakilie?"

Aliinua macho haraka kuona kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki. Nilishaanza kufungua ukurasa mpya.

Alijikuna shingo. Kulikuwa, akasema, na gari kama lile huko nyuma ya yadi, lililogongwa mbele, giaboksi yake haina neno. Randu angeweza kuifunga katika letu. Wiki moja.

"Bila malipo?"

"Bila malipo."

"Na kulivuta kutoka Ramisi?"

"Mathe, unanimaliza. Haya, na kulivuta."

"Andika."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, nakala mbili, na Ami Chirau akatia sahihi ya shahidi. Kisha Elijah akaniomba ule ukurasa wa sheria. Nilimnakilia wote, hata pale palipokuwa na doa la mafuta ya mahamri niliposhindwa kusoma nikapakumbuka kwa kichwa.

*

Ilikuwa imegonga saa kumi na nusu nilipompigia Swabir. Alikuwa ameshafika Ukunda, kwenye ofisi ya basi.

"Njoo yadini."

"Twaiba, basi limeshafika. Wanapakia mizigo."

"Njoo na begi lako. Ni mwendo mfupi. Njoo usikie, halafu uamue."

Alikuja karibu anakimbia, begi begani, jasho limemlowanisha kifua. Nilimpa karatasi, lakini hakuitazama. Alikuwa anamtazama Ami Chirau, aliyekuwa anamjia na mikono imefunguka.

"Mwanangu Swabir, nataka radhi yako," mzee akasema. "Nilisoma Fatiha na wewe na moyoni nina jambo la gari lile sikukwambia. Nililijua."

Nilingoja Swabir aulize ni jambo gani. Hakuuliza.

"Kwa hivyo mimi sikuigeuka?" akasema.

"Hukuigeuka. Mimi ndiye."

Mume wangu aligeuza uso upande wa soko, akavuta pumzi, akakaa nayo. Kisha akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili. Aliyosema ni madogo sana, sikuyasikia, nami sikujaribu kuyasikia.

Baadaye ndipo alipoisoma karatasi. Aliisoma mara mbili, amesimama kando yangu.

"Wiki moja," akasema. "Na wapishi wakishapata mtu mwingine?"

"Wakumbushe kaa wako."

"Na giaboksi hiyo nayo ikikataa?"

"Tutarudi."

"Na hiyo nyingine?"

"Tutarudi tena. Sasa tunajua njia."

Hakucheka, lakini kona ya mdomo ilitikisika. Kutoka upande wa barabara basi likapiga honi, ndefu, na begi bado lilikuwa begani mwake. Sikumgusa. Nilikuwa nimesema yote niliyokuwa nayo, na miaka miwili ilikuwa yake kuamua. Mishahara ya huko ina uhakika. Nasi tulikuwa na karatasi moja na neno la watu wawili, ambao wote walikuwa wakituongopea mpaka saa nane mchana.

Simu yake ikalia mfukoni. Mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine mkanda wa begi. Akaitoa kwa vidole viwili, akaona jina la wakala, na kama anavyofanya siku zote mikono ikiwa na kazi, akamshushia mtoto.

"Tumu, pokea. Mwambie kwamba Baba..." Akasita.

Tumu akaiweka simu sikioni kichwa chini miguu juu. Akasikiliza. Akatazama begi, akamtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti kubwa, ile wanayofundishwa chuoni wakati wa kusoma Kurani:

"Baba haendi."